Mchukuzi Hana Sanduku, Lakini Ana Amana



Wapenzi wasomaji wetu, mama zetu, dada zetu na wana wetu, juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa hapa Muhuru, nasi tumeona kwamba jawabu lake linahitajiwa na nyumba nyingi, si yake pekee.

Binti wa mama huyu aliomba msaada wa karo kwa wafadhili walioko mbali. Katika fomu aliandika anuani ya barua pepe aliyopewa na madrasa yake, kwa kuwa anuani yenye jina la madrasa ina heshima yake. Anuani hizo hazina sanduku. Barua ikiingia, seva ya madrasa huipitisha papo hapo hadi kwenye sanduku la binti mwenyewe, lile alifungualo kwa simu. Wafadhili waliandika siku ya Jumatatu, wakataka majibu kabla ya Ijumaa. Seva ya madrasa iliipokea barua ile, ikaenda kubisha hodi kwa kampuni inayotunza sanduku la binti, ikaambiwa: rudi baadaye. Ikarudi, ikaambiwa vivyo hivyo. Siku tano ilibisha, kisha ikaacha, kama ilivyopangiwa. Sababu ilijulikana baadaye: kwa majuma kadhaa seva ile ilikuwa ikipitisha barua taka kwa mamia, na kampuni ile ikawa haiiamini tena. Nafasi ya binti akapewa mwingine.

Mama akatuuliza: "Sheikh, madrasa haikuiandika hiyo taka, wala haikuificha barua ya mwanangu. Ilipitisha tu. Je, anayepitisha tu ana dhima?"

Wanazuoni wetu husema kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Basi na tulifahamu kwanza.

Seva ya barua ni kompyuta isiyolala, iliyowekwa mahali penye umeme na mtandao wa kudumu, ikipokea barua kwa niaba ya jina fulani. Ziko seva zenye masanduku: barua ikifika hukaa humo hadi mwenyewe aje kuisoma. Na ziko seva zisizo na sanduku hata moja. Kazi yake ni kupokea upande huu na kukabidhi upande wa pili. Jumuiya nyingi ndogo, misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama, hupenda seva za namna hii ya pili, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na hazihitaji ghala la kuhifadhia. Mwalimu akihama, jina hubaki, hubadilishwa tu mahali barua zinapoelekezwa.

Ama barua taka, hiyo ni barua isiyoombwa, itumwayo kwa watu wengi kwa pamoja. Si jambo la jana. Tarehe 3 Mei 1978, mfanyabiashara mmoja wa kampuni ya kompyuta ya Marekani iitwayo DEC aliwaandikia watu wapatao 400 kwa mpigo mmoja, akitangaza mashine zake mpya. Walikasirika, naye alikemewa, lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Huku kwetu mambo yalichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za mashirika ya Nairobi zilikuwa zikikusanywa katika kompyuta moja, kisha zikapelekwa ng'ambo kwa mkupuo kupitia waya wa simu. Kila dakika ya simu ilikuwa na bei, na mtu hakutuma neno ila alipokwisha lipima. Kisha mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa, na kutuma kukawa kama bure. Neema ile ilikuja na mtihani wake. Kitu kikiwa hakina gharama kwa mtumaji, gharama humwangukia mpokeaji, na humwangukia pia yule aliye katikati.

Huyo aliye katikati ndiye tunayemzungumzia. Wazee wetu walisema, mjumbe hauawi. Katika ulimwengu wa barua pepe kanuni imegeuka: mjumbe ndiye wa kwanza kupigwa. Fikirini mwenye boti anayevuka kutoka ufuo wetu kwenda visiwani akibeba magunia ya watu. Gunia moja limeandikwa omena, na ndani mna bangi. Askari wa doria wakiisimamisha boti, aliyelijaza gunia yuko mbali na hajulikani. Aliyeshikwa ni mwenye boti. Na wakimkamata mara tatu, mara ya nne hawatapekua gunia moja moja. Wataizuia boti nzima, pamoja na dawa za mgonjwa zilizokuwamo. Ndivyo ilivyo kwa seva. Kampuni ya masanduku haimwoni mwandishi wa taka aliyeko mwisho wa dunia. Inaiona seva inayobisha hodi mlangoni pake, na taka yote inaandikwa katika hesabu ya seva hiyo. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Tangu Februari 2024 kampuni kubwa za masanduku, zikiwemo Google na Yahoo, zimezidisha ukali. Miongoni mwa masharti yao ni kwamba barua za mtumaji zinazolalamikiwa na wasomaji kuwa ni taka zisifikie tatu katika kila elfu moja. Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Dada anapofungua simu, akaona barua ya upuuzi iliyopitia anuani ya madrasa, akabofya kitufe kilichoandikwa taka, anadhani amemshitaki tapeli. Kumbe huenda amemshitaki mchukuzi, yaani madrasa yake mwenyewe.

Kuna shida ya pili, na hii huipata hata barua njema. Barua pepe, kama ile ya posta, ina bahasha na ina karatasi ya ndani. Kanuni iitwayo SPF huangalia bahasha: kila mwenye jina mtandaoni hutangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kuandika kwa jina lake. Chuo kikituma barua, seva ya chuo imo katika orodha. Lakini barua hiyo ikipitishwa na madrasa, mlango wa mwisho unaona bahasha yenye jina la chuo mkononi mwa seva ya madrasa, ambayo haimo katika orodha hiyo. Barua ya kweli yafanana na ya kughushi. Dawa yake ni mchukuzi kuandika jina lake mwenyewe juu ya bahasha, na mafundi wana utaratibu wa kufanya hivyo, uitwao SRS. Lakini angalieni maana yake: aliyeweka jina lake juu ya bahasha amekubali kuulizwa.

Karatasi ya ndani nayo ina muhuri wake, uitwao DKIM. Muhuri huu hauvunjiki kwa kusafiri. Huvunjika kwa kuguswa. Seva ikiongeza neno moja katika kichwa cha barua, au ikabandika tangazo la madrasa chini yake, muhuri umeharibika, na barua imepoteza shahidi wake. Kwa hiyo adabu ya mchukuzi ni kufikisha kama alivyopokea. Akiwa na shaka na barua, alama yake aiweke katika mistari iliyofichika ambayo mashine huisoma, asiguse maneno ya mwenyewe.

Tena mwaka 2019 ilitangazwa kanuni ya tatu, iitwayo ARC, ambayo mwanafunzi yeyote wa hadithi ataitambua mara moja. Ndani yake kila anayeipitisha barua hutia saini ya kusema: nimeipokea kutoka kwa fulani, na nilipoipokea niliukuta muhuri wake mzima. Wa baada yake hutia yake, hata ukawa mnyororo. Hii si isnadi? Maulamaa wetu walilifanya jambo hili karne nyingi kabla ya umeme. Hawakutosheka na maneno kuwa mazuri. Waliuliza nani kakupa, na aliyekupa nani kampa, na kila mmoja hali yake ikoje katika ukweli na hifadhi. Na mpokezi aliyejulikana kwa kuchukua kila kitu kutoka kwa kila mtu, hata mapokezi yake ya kweli yalitiliwa shaka. ARC ina tabia ile ile: mlango wa mwisho hauitazami saini tu, huutazama pia mwenendo wa aliyeitia. Saini ya mchukuzi asiyechuja haimfai kitu.

Basi achuje vipi? Neno kubwa ni hili: akatae mlangoni.

Seva mbili zikikutana huzungumza kabla ya barua kukabidhiwa. Mwenyeji ana majibu matatu. Anaweza kusema: nimepokea. Anaweza kusema: rudi baadaye. Anaweza kusema: siipokei. Akisha sema nimepokea, amana imeingia mkononi mwake. Tatizo la wachukuzi wengi ni kwamba husema nimepokea kwa kila ajaye, kisha ndipo hutafakari. Sasa wamo baina ya mabaya matatu. Wakiipitisha taka, wanajichafulia jina. Wakiitupa kimya kimya, huenda wakatupa barua ya mtu mwema asijue kamwe kwamba haikufika. Wakiirudisha kwa aliyeandikwa kuwa mtumaji, mara nyingi jina hilo limeibwa, na taarifa za marejesho zinammiminikia mtu asiye na hatia. Lakini wakikataa palepale mlangoni, hakuna dhulma kwa yeyote: aliye mwema hupewa habari na seva yake mwenyewe na kutafuta njia nyingine, na tapeli hubaki na gunia lake.

Katika fiqhi ya wadia jambo hili li wazi. Hakuna anayelazimishwa kupokea kitu cha kuwekwa. Ana haki ya kusema hapana. Lakini akisema ndiyo, amekwisha kuwa amini.

Kwa wanaosimamia seva hizi, hatua zenyewe si ngeni na programu zake, kama Postfix na Rspamd, hupatikana bila malipo. Kwanza, wafute ule mpango wa kupokea barua za jina lolote lililowekwa mbele ya jina la madrasa. Majina yawe yale yaliyosajiliwa tu, na mengine yote yakataliwe, kwani matapeli hubahatisha majina kwa maelfu. Pili, seva iulize orodha za sifa mbaya, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa London mwaka 1998, kabla ya kumfungulia mgeni. Tatu, mgeni asiyejulikana aambiwe rudi baadaye. Seva ya kweli ina subira, hurudi baada ya dakika kadhaa. Mashine nyingi za matapeli hazirudi. Nne, barua ipimwe na programu wakati mazungumzo ya mlangoni hayajaisha, na iliyo taka bila shaka ikataliwe. Tano, na hili ndilo lililosahauliwa katika kisa chetu, wasome kumbukumbu za seva kila siku. Siku kampuni inapoanza kusema rudi baadaye, maneno hayo huandikwa humo, pamoja na sababu.

Lakini ukali nao una mipaka. Katika kawaida za fiqhi, yakini haiondolewi na shaka. Barua ambayo hali yake haijulikani isihukumiwe hukumu ya iliyothibiti uovu wake. Na ipite ikiwa na alama ya mashine, mwenye sanduku aamue. Wapo watoto wetu walioajiriwa Ghuba ambao huandika nyumbani kutoka anuani za ajabu ajabu, na wapo waalimu wa upande wa pili wa mpaka, kule Shirati na Musoma, ambao hutumia seva duni kwa kukosa nyingine. Kumfungia mlango mnyonge kwa sababu ya unyonge wake si uchujaji.

Na hili pia: kuchuja si kupekua. Si halali kwa mjumbe wa kamati kufungua barua za watu na kuzisoma kwa kisingizio cha kutafuta taka. Sura ya Al-Hujurat imekataza upelelezi wa siri za watu katika aya ya 12, na Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019. Programu ipime, mwanadamu asisome.

Sasa turudi kwenye swali la mama yetu. Amini hatozwi kilichopotea mikononi mwake madamu hakuvuka mpaka wala hakuzembea. Seva ikizimika kwa radi, au kampuni ikikosea bila sababu, mchukuzi hana lawama. Lakini aliyeonywa akanyamaza, huyo amezembea, na neno "nilipitisha tu" halimtoi. Kupitisha ndiyo kazi aliyoikubali, hakuahidi kingine. Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na barua ya binti yule ilikuwa amana. Kama kumbukumbu za seva zilionyesha onyo kwa majuma kadhaa na hakuna aliyezitazama, basi kamati ile ina dhima mbele ya mama huyu.

Dhima hiyo hailipwi kwa kuomba radhi peke yake. Kumbukumbu zile zile zilizopuuzwa zaweza leo kumsaidia binti. Zinaonyesha siku na saa barua ilipofika kwenye seva, na kila mara ilipokataliwa na kampuni ya sanduku. Tunawasihi wenye madrasa wazitoe, waandike barua rasmi kwa wafadhili, waeleze kwamba mwanafunzi hakuzembea wala hakudharau mwaliko wao. Huenda nafasi ya mwaka huu isirudi. Lakini jina la binti lisafishwe kabla ya maombi ya mwaka ujao, na hilo liko ndani ya uwezo wao. Naye mama tunamwambia: haki yako ya kudai barua hiyo ipo, idai kwa upole na usiiache.

Kwenu nyinyi mlio majumbani, tunawausia mambo manne.

La kwanza, mambo yenye tarehe ya mwisho, kama mkopo wa masomo wa HELB, nafasi za vyuo za KUCCPS, karo na safari, yaandikiwe sanduku la mtu mwenyewe moja kwa moja, si anuani ya kupitishiwa. Kila mkono wa katikati ni mahali pengine pa barua kukwama. Na mama asiyejua kufungua sanduku lake na ajifunze kwa binti yake. Hakuna aibu katika kujifunza.

La pili, mnapongoja barua muhimu, fungueni pia kile chumba cha taka ndani ya sanduku lenu kila siku. Barua njema hutupwa humo kimakosa, hasa zile zilizopitishwa.

La tatu, mkipata taka iliyopitia anuani ya madrasa au kikundi, msifungue viungo vyake, wala msikimbilie kitufe cha taka. Mjulisheni msimamizi siku hiyo hiyo ili aufunge mlango ilikoingilia, kisha ifuteni. Na akija tapeli anayedai ni benki au afisa wa masomo, jueni kwamba sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inahesabu hadaa hiyo kuwa kosa la jinai. Piga ripoti polisi.

La nne, kila mmoja wetu mwenye simu ni mchukuzi. Tunapopokea ujumbe wa kazi za Ghuba, wa dawa, wa misaada ya Ramadhani, tukausukuma kwa makundi matano bila kuuliza umetoka wapi, tumefanya yale yale tunayoilaumu seva kwayo. Imam Muslim ameipokea katika utangulizi wa Sahihi yake ile hadithi mashuhuri yenye maana kwamba mtu kusimulia kila alisikialo kwatosha kumtia katika uongo. Atakayesimulia kila alisikialo ndiye atakayepitisha kila apokealo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kufikisha amana, atuepushe na kubeba uovu wa wengine kwa uzembe wetu, na amfungulie binti huyu mlango ulio bora kuliko uliofungwa. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.